Kabla ya Kisu, Itafutwe Neva

Upasuaji mdogo una mtego wake. Mtu anakuja na uvimbe chini ya ngozi ya kigasha. Ni laini, wa mviringo, hauumi sana, na umekaa miaka. Daktari anaupapasa, anauona unachezacheza, anaandika "uvimbe wa mafuta" au "tezi", na baada ya muda mgonjwa yuko mezani anachomwa sindano ya ganzi. Ngozi inapasuliwa. Kinaonekana kitu cheupe kinachoelekea umanjano, kinang'aa, kimefungwa vizuri ndani ya ganda lake, kimeshikiliwa juu na chini na nyuzi mbili nene kidogo. Nyuzi zinafungwa, zinakatwa, uvimbe unatoka mzima, na kila mtu anaridhika. Ganzi inapokwisha, mgonjwa anagundua kwamba kidole cha mwisho na mwenzake havihisi kitu, na kiganja hakikamati kama zamani. Zile nyuzi mbili zilikuwa neva ya alna: moja ikiingia kwenye uvimbe, ya pili ikitoka.

Makosa ya aina hii yameandikwa kwenye majarida ya upasuaji ya nchi tajiri na maskini, na si uzembe peke yake unaoyaleta. Uvimbe wa neva ni nadra, uvimbe wa mafuta ni jambo la kila wiki, na mkono hukimbilia ulichokizoea. Ndiyo maana naitanguliza hoja yangu. Kwa uvimbe wa mkono au mguu, kazi kubwa ya ultrasaundi ni kueleza kama uvimbe huo umo ndani ya neva, na ni neva ipi. Mgonjwa anataka kujua kama ana saratani, na daktari wake pia. Ni swali la haki kabisa, ila mashine hii hulijibu kwa kusitasita. Swali la neva hulijibu vizuri, papo hapo, bila mionzi, na jibu lake ndilo linaloamua nani ashike kisu, au kama kisu kina haja.

Tuujue kwanza uvimbe wenyewe. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo kwenda mikononi na miguuni imejaa nyuzi ndefu zinazosafirisha habari, na nyuzi hizo zimezungukwa na seli zinazozilinda na kuharakisha safari ya habari hizo. Mjerumani Theodor Schwann alizieleza mwaka 1839 na jina lake likabaki nazo. Uvimbe unaotokana na seli hizo ndio shwanoma, ambao José Verocay, mzaliwa wa Uruguay aliyefanya kazi Prague, aliueleza mwaka 1910 kuwa ni aina ya pekee. Shwanoma huota upande mmoja wa neva, ndani ya ganda, na kadiri unavyokua ndivyo unavyoyasukuma kando mafungu ya nyuzi nzima hadi yakatandazika juu ya ganda hilo. Mpasuaji mwenye darubini na subira huweza kulipasua ganda kwa urefu pale pasipo na nyuzi, akaukamua uvimbe nje, akaiacha neva ikiwa inafanya kazi. Nyurofibroma, uvimbe mwingine wa neva, haina uungwana huo. Imechanganyika na neva, nyuzi hupita katikati yake, ganda la kweli haina, na kuitoa yote bila kugusa nyuzi ni kazi ngumu zaidi. Zote mbili si saratani, na nyingi huonekana kwa watu wazima walio kati ya miaka 20 na 50.

Sasa, kwa nini mawimbi ya sauti yaweze kuona kitu chembamba kama neva? Sauti husafiri kwenye nyama laini ya mwili kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde. Probu ya kupimia mimba hutoa mawimbi ya megahezi 3 hadi 5. Kwa megahezi 3.5, wimbi moja lina urefu wa karibu milimita 0.4, na mashine haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko hapo. Ukipanda hadi megahezi 15, wimbi hufupika hadi milimita 0.1, na ghafla neva inafunguka. Ikikatwa kwa upana, huonekana kama sega la nyuki: vidoa vyeusi vya mafungu ya nyuzi, vikitengwa na kuta nyeupe za tishu zinazoyashikilia. Bruno Fornage aliandika kuhusu picha za neva za mikono na miguu katika jarida la Radiology mwaka 1988, na mashine za wakati ule zilikuwa dhaifu mno mbele ya za leo. Gharama ya masafa ya juu ni kina. Mawimbi mafupi hunyonywa haraka na nyama, na baada ya sentimita tatu au nne picha huanza kufifia. Mgawanyo wa kazi unatoka hapo. Neva za kigasha, kiganja, nyuma ya goti na kifundo cha mguu ni za ultrasaundi. Zilizojificha kwenye nyonga, nyuma ya tumbo au chini ya mtulinga ni za MRI.

Hospitali nyingi za wilaya katika Afrika Mashariki zina mashine ya ultrasaundi, kwa sababu wajawazito wanaihitaji. MRI imejazana kwenye miji mikubwa. Inayosahaulika ni kwamba mashine ileile ya wajawazito mara nyingi ina probu ya pili, ile bapa inayotumika kwa tezi la shingo, matiti na mishipa ya damu ya miguu. Nimekuta probu hiyo imefungwa kwenye nailoni kabatini, mpya, huku uvimbe wa mkono ukipimwa kwa probu ya tumbo na ripoti ikisema "uvimbe mweusi, wa mviringo, una maji". Kwa uvimbe wa neva, ripoti ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na ripoti, nami nitaeleza sababu.

Shwanoma kwenye skrini ni kitu cheusi chenye mipaka safi, chenye umbo la yai refu lililolala kufuata urefu wa mkono. Chini yake kunakuwa na weupe uliozidi, kwa sababu ndani ya uvimbe tishu zimelingana na sauti hupita bila kupungua sana, hivyo inapofika upande wa pili bado ina nguvu. Tatizo ni kwamba weusi na weupe wa chini ni sifa zilezile za mfuko wa maji. Anayepima kwa haraka huandika "maji", na uvimbe wa maji wa kiganja, ule unaotokana na kiungo au kano, ni maarufu kiasi kwamba hakuna atakayetilia shaka. Kisha mtu anachukua bomba la sindano ili ayanyonye hayo maji. Sindano ikiingia ndani ya shwanoma, mgonjwa hupigwa na kitu kama shoti ya umeme hadi kwenye vidole, na bomba halitoi chochote. Hiyo nayo ni njia ya kupata utambuzi, ingawa simtakii mtu.

Kinga ya kosa hili ni Dopla, sehemu ya mashine inayoonyesha damu ikitembea. Mfuko wa maji hauna damu ndani, shwanoma mara nyingi inayo. Ila Dopla inataka mkono mwepesi. Ukibonyeza probu, vimishipa vidogo hufungwa na rangi hupotea. Ukiiacha mashine kwenye mpangilio wa mishipa mikubwa ya shingo, damu inayokwenda polepole haitaonekana. Paka jeli nyingi, ielee probu juu yake, teremsha kipimo cha kasi hadi rangi zianze kuchafuka, kisha panda kidogo. Hata hivyo baadhi ya shwanoma hazionyeshi damu kabisa, kwa hiyo Dopla tupu haimaanishi maji.

Mgonjwa mwenye shwanoma ya miaka mingi huleta mkanganyiko mwingine. Mswidi Nils Antoni alionyesha mwaka 1920 kwamba ndani ya uvimbe huu kuna aina mbili za tishu: moja imesongamana, nyingine imelegea na ina majimaji. Ile iliyolegea hugeuka taratibu kuwa vishimo vya maji, na baada ya miaka huweza kuwekwa chokaa ndani yake. Picha yake inakuwa ya kutisha, na wako waliodhani ni saratani kwa sababu hiyo tu.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni moja, nayo ni neva kuonekana ikiingia upande mmoja wa uvimbe na kutoka upande wa pili. Ukiipata hiyo, mjadala umekwisha. Wengi hawaipati kwa sababu wanaanza pabaya. Wanaweka probu juu ya uvimbe, wanaupima urefu na upana, wanapiga picha, wanafuta jeli. Njia yenye tija ni kuanza mbali, mahali ambapo neva inajulikana ilipo, na kuifuata kwa upana wake bila kuiacha hadi uvimbe ujitokeze wenyewe. Neva ya mediani huanziwa kwenye kifundo cha mkono, juu ya kano za vidole, ambapo eneo lake la kawaida ni milimita za mraba 10 au pungufu. Ya alna hukamatwa nyuma ya kiwiko, kwenye ule mfupa ambao ukigongwa vidole huwaka. Ya radiali huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Nyuma ya goti kuna ya tibia, na pembeni kidogo, kwenye shingo ya mfupa mwembamba wa mguu, kuna ya peronea. Ukitembea nayo hivyo, utaona sega likianza kuvimba, vidoa vikisogezwa pembeni, kisha weusi mmoja mkubwa, kisha sega linarudi.

Kano hudanganya. Nazo zina nyuzi, nazo ni nyeupe. Lakini ukiinamisha probu kidogo tu, kano hugeuka nyeusi ghafla, wakati neva haibadiliki sana. Tena mwambie mgonjwa akunje kidole: kano itateleza kwa mbali, neva itasogea kidogo tu. Majaribio haya mawili hayahitaji mashine ya kifahari.

Kidole cha mpimaji nacho ni kipimo. Uvimbe wa neva husukumika kushoto na kulia, lakini haukubali kwenda juu na chini, kwa kuwa umefungwa kwenye kamba yake. Ukigongwa, mgonjwa husikia umeme ukikimbia kwenye eneo linalohudumiwa na neva ile. Jules Tinel alieleza dalili hiyo mwaka 1915, wakati wa vita, alipokuwa akichunguza majeraha ya neva. Mimi hubonyeza kwa probu yenyewe huku nikitazama skrini, halafu namuuliza mgonjwa: "Unasikia wapi?" Akinionyesha kidole gumba wakati nabonyeza kigasha, nimeshapata nusu ya ripoti.

Kwenye kwapa na kinena habari ni ngumu zaidi, kwa sababu huko ni makazi ya tezi za limfu. Katika nchi ambazo kifua kikuu kimeenea, uvimbe wowote wa kwapa huitwa mtoki au TB kabla haujapimwa. Tezi ya limfu yenye afya, au iliyovimba kwa maambukizi ya kawaida, ina kitovu cheupe cha mafuta ambamo mishipa ya damu huingilia. Uvimbe wa neva hauna kitovu. Tezi za TB zinaweza kukipoteza, kwa hiyo tazama majirani: tezi hizo hukaa kwa makundi, hushikamana, zina usaha katikati. Shwanoma hukaa peke yake na imefuata mstari wa neva. Ikiwa bado kuna shaka, usichome sindano kwa mazoea. Sindano ya kuchukua kinyama ndani ya neva huumiza na inaweza kujeruhi nyuzi nzima. Inapobidi kuchukuliwa, ichukuliwe na mtu anayeiona ncha ya sindano kwenye skrini, baada ya kukubaliana na mpasuaji atakayetoa uvimbe huo.

Kuna ugonjwa mmoja ambao vitabu vya Ulaya huutaja kwa mstari mmoja, nao kwetu unastahili zaidi: ukoma. Bado wagonjwa wapya wanapatikana Tanzania, Msumbiji na Kongo. Bakteria wake hupenda neva, na neva ya alna juu kidogo ya kiwiko ndiyo nyumba yao mashuhuri. Inavimba, inaonekana kwa jicho, na daktari asiyewahi kuona ukoma atadhani ni uvimbe. Ultrasaundi hutenganisha. Ukoma hunenepesha neva kwa urefu wa sentimita kadhaa, bila mwanzo na mwisho wa wazi, sega linafifia au mafungu yananenepa, na wakati wa mmenyuko wa kinga ya mwili Dopla huwaka damu ndani ya neva. Shwanoma ni yai lenye mipaka, na neva juu na chini yake ni ya kawaida. Jipu la ukoma ndani ya neva laweza kufanana na uvimbe kweli, na hapo uchunguzi unahamia kwenye ngozi: baka lililofifia rangi lisilohisi mguso hueleza zaidi ya skrini. Kumpasua mtu wa namna hii kwa kudhani ana uvimbe, wakati dawa za kutibu ukoma zinatolewa bure, ni jambo la kusikitisha sana.

Mwigaji mwingine wa kuvutia hukaa pembeni mwa goti. Maji ya kiungo kidogo kati ya mifupa miwili ya mguu huweza kupenya tawi jembamba la neva ya peronea na kupanda ndani ya neva yenyewe, yakaivimbisha hadi mguu ukashindwa kuinuka. Mpasuaji Robert Spinner wa Mayo Clinic, Marekani, amefanya kazi kubwa kuonyesha kwamba maji hayo chanzo chake ni kiungo. Ultrasaundi ikilionyesha lile tawi linalounganisha, mpasuaji atalifunga. Asipolijua, atakamua maji na yatarudi.

Nimeulizwa mara nyingi kama tunaweza kutofautisha shwanoma na nyurofibroma kwenye skrini. Kwa neva kubwa, wakati mwingine. Neva ikiingia pembeni mwa uvimbe, naelekea shwanoma. Ikiingia katikati, naelekea nyurofibroma. Wengine hutegemea ile sura ya weupe katikati na weusi pembeni inayosemwa ni ya nyurofibroma, nami nimeiona kwenye shwanoma pia. Kwa neva ndogo za ngozi hakuna anayeweza kusema kwa uhakika neva imeingilia wapi. Ripoti inayoandika jina moja kwa kujiamini inampa mpasuaji kitu ambacho picha haikutoa. Afadhali iandikwe "uvimbe wa neva, unaelekea kuwa shwanoma", na jina kamili liachiwe maabara.

Na saratani? Saratani ya ala ya neva ipo, na uvimbe mdogo wenye mipaka safi hauifuti moja kwa moja. Vinavyonistua ni uvimbe uliopita sentimita tano, unaokua kwa kasi, unaouma usiku mtu akiwa amepumzika, unaoleta udhaifu wa misuli, au wenye mipaka iliyochanika na majimaji kwenye nyama inayouzunguka. Mgonjwa mwenye mojawapo ya dalili hizo hapewi miadi ya mwaka ujao. Anapelekwa MRI, hata kama ni safari ya kwenda jijini, na kesi yake inajadiliwa kabla ya kuguswa.

Tahadhari hiyo inazidi kwa wenye nyurofibromatosisi ya aina ya kwanza, ugonjwa wa kurithi ambao Friedrich von Recklinghausen aliueleza mwaka 1882. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 3,000, na karibu nusu yao hawana mzazi mwenye ugonjwa huo, kwani hitilafu ya jeni imeanza kwao. Ndiyo maana kabla ya kuzima mashine namwomba mgonjwa anionyeshe ngozi yake. Mabaka sita au zaidi ya rangi ya kahawa, yaliyozidi milimita 5 kwa mtoto au milimita 15 kwa aliyebalehe, ni moja ya vigezo vya ugonjwa huo, na vinundu laini vya ngozi huongeza uzito. Kwao, uwezekano wa kupata saratani ya ala ya neva maishani unakadiriwa kuwa kati ya asilimia 8 na 13, na mara nyingi huanzia kwenye nyurofibroma ya pleksifomu, ile inayotanda ndani ya matawi mengi ya neva kwa pamoja. Ultrasaundi huiona sehemu ya juu tu ya kitu hicho. Tangu mwaka 2020 Marekani imeidhinisha dawa ya selumetinibu kwa watoto ambao pleksifomu yao haiwezi kupasuliwa. Huku kwetu wazazi wengi bado wanaambiwa mtoto amelogwa.

Ripoti inayosaidia haihitaji kurasa. Iseme upande, neva ipi, umbali wa uvimbe kutoka kwenye mfupa unaopapasika, vipimo vitatu kwa milimita, kina kutoka kwenye ngozi, damu ipo au haipo, mafungu ya nyuzi yamesukumwa upande gani, na mgonjwa alisikia nini alipobonyezwa. Upande yaliposukumwa mafungu ndio habari ambayo mpasuaji huishukuru zaidi, maana humwambia aingilie wapi ganda. Mashine nzuri huweza kuonyesha hilo, mashine ya kawaida haiwezi kila mara, na isipoonekana iandikwe kwamba haikuonekana. Wenzetu wanaojaza fomu za maombi nao watusaidie: "uvimbe mkono" ni maneno mawili yanayomfanya mpimaji apime uvimbe na kuisahau neva. Ongeza "ganzi kidole cha mwisho" na kipimo kitabadilika.

Si kila shwanoma hukatwa. Uvimbe mdogo usiouma, usioleta udhaifu, kwa mtu asiye na mabaka, waweza kuachwa ukaangaliwa baada ya miezi sita, halafu kila mwaka. Anayeukata ajue kwamba hata mikono hodari huacha ganzi au udhaifu kwa baadhi ya wagonjwa, ambao mara nyingi hupungua kadiri siku zinavyopita, na mgonjwa aelezwe hayo kabla hajatia saini. Anayeachwa apimwe kwa probu ileile, mkono ukiwa umelala vilevile, urefu ukichukuliwa kwenye mstari wa neva. Tofauti ya milimita moja au mbili kati ya vipimo viwili mara nyingi hutokana na mkono wa mpimaji, kwa hiyo picha za mwanzo zitunzwe pamoja na faili, siyo kwenye simu ya mtu.